Samaki Mashuhuri wa Ng'ambo

Jumamosi, 4 Machi

Maisha yangu yamegeuka leo saa ya chai! Nilikuwa nimeinamia simu ya mteja, redio inajiongelea pembeni, mara mtangazaji akaanza kipindi cha nyota. Akasema waliozaliwa kati ya mwishoni mwa Februari na tarehe ishirini Machi ni Samaki. Mimi! Tarehe kumi na mbili Machi! Akaanza kutaja Samaki waliotikisa dunia. Einstein. Gagarin, mtu wa kwanza kwenda angani. Bell, yule wa simu. Simu! Bisibisi ikanidondoka. Kumbe ufundi wangu haukuja hivi hivi tu.

Na mwisho kabisa akamtaja Livingstone. Tarehe kumi na tisa Machi. Livingstone wetu wa Kwihara, hapo tu, unafika kwa baiskeli! Yeye alikaa Kwihara akisubiri wapagazi na mizigo kutoka pwani. Mimi nimekaa hapa mtaani Ng'ambo nasubiri vioo na betri kutoka Kariakoo. Mtu anataka ushahidi gani zaidi?

Miaka yote hii nimejiona mtu wa kawaida. Nilidanganywa.

Niandike wazi, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Nataka kumwoa Advera. Ni fundi cherehani, kibanda chake kinatazamana na changu. Nampenda tangu masika ya mwaka juzi. Hajui. Au anajua na ananyamaza, sijui lipi baya zaidi. Kila siku anachokiona ni mwanamume mwenye bisibisi anayewaambia watu waje kesho. Sasa ataona kingine.

Jumatatu, 6 Machi

Nimepeleka suruali kwa Advera. Haikuwa na tatizo, ikabidi niichane mshono njiani. Nikamwuliza, kama mtu asiye na haja, amezaliwa lini. Tarehe mbili Oktoba. Mizani! Siku moja na Gandhi! Nikamweleza kwamba Gandhi naye alikuwa mtu wa nyuzi, alizisokota kwa mikono yake. Alifurahi, niliona kabisa. Kisha akauliza huyo Gandhi alikuwa akivaa nini. Nikasema shuka. Akasema mwanamume wa shuka moja maisha yote angemfungisha kibanda. Nilicheka sana. Nilicheka kupita kiasi, nikaegemea pasi ya mkaa.

Nimetia mkono kwenye ndoo ya maji, nani anaingia? Lukumani! Huyu anauza magodoro mlango wa tatu kutoka kwangu. Mzaramo. Mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani hakasirikiwi. Babu zetu walibeba pembe mpaka kwao pwani enzi za misafara, utani ukaanzia huko, na hawa watu hawajatuachia mpaka leo. Ananiita "mpagazi wangu". Anakula karanga zangu mezani bila kuomba. Siruhusiwi hata kununa. Ana pikipiki, ana meno, ana mabega. Advera anaanza kumcheka kabla hajafungua mdomo.

Nikamwuliza naye amezaliwa lini. Ishirini na nane Januari. Ndoo! Nikamtangazia, mbele ya Advera, kwamba yeye ni chombo cha kuchotea maji. Ushindi!

Jumanne, 7 Machi

Si ushindi. Lukumani ameingia mtandaoni, tena kwa simu niliyomtengenezea mimi bure. Amekuta kwamba Stanley, yule aliyekuja kumtafuta Livingstone, amezaliwa tarehe ishirini na nane Januari. Siku yake! Na Mozart ni Ndoo. Na Galileo. Na Lincoln na Darwin, hao wamezaliwa siku moja, mwaka mmoja! Amewasoma wote kwa sauti barabarani kama mtangazaji wa mpira. Akamalizia kwamba Samaki alipopotea porini, aliyetumwa kumtafuta alikuwa Ndoo. Advera alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

Nilirudi kibandani. Nilikuta karanga zimeisha.

Lakini hapo ndipo wazo likaja. Tarehe kumi na tisa, siku ya kuzaliwa Livingstone, ni Jumapili! Nitafanya Maadhimisho ya Samaki Mashuhuri mbele ya nyumba ninayopanga. Picha kubwa zilizochorwa kwa rangi, zimepangwa kwa mstari: Einstein, Bell, Gagarin, Livingstone. Na wa tano, mimi, Eliya. Advera akivuka barabara tu, ananiona niko na wenzangu.

Ijumaa, 10 Machi

Nimekwenda kwa Ng'washi, mchoraji wa Ng'ambo nzima. Anaandika vibao vya maduka, milango ya magari na misalaba ya makaburi. Kazi ameikubali. Tumekwaruzana kidogo juu ya Mirambo. Mimi nilitaka Mirambo awemo. Mtemi mkubwa, jirani yetu wa Urambo, aliyewanyima usingizi wafanyabiashara wote wa njia ya misafara! Lukumani atamweka nani mbele yake? Ng'washi akauliza Mirambo alizaliwa tarehe ngapi. Nikasema hakuna anayejua, kwa hiyo hakuna wa kutubishia. Ng'washi akaweka brashi chini. Akasema mtemi hapangiwi siku ya kuzaliwa na fundi simu. Nilimbembeleza angalau aandike "Machi, huenda". Akasema nikirudia neno hilo atanichora bila masikio.

Basi, Mirambo tumemwacha. Hasara kwa Samaki wote.

Jumapili, 12 Machi

Siku yangu ya kuzaliwa. Aliyekumbuka ni mama peke yake. Amepiga kutoka Usoke, sauti imekauka kwa moshi wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku. Aliniombea kwa Kimoraviani, yaani kirefu. Kisha akauliza nitaoa lini, maana wenzangu niliokaa nao darasa la watoto kanisani sasa wana wajukuu. Ameongeza chumvi, ni mmoja tu. Nilimwambia avumilie. Nikamwahidi kwamba Jumapili ijayo atapata habari kubwa kunihusu, habari itakayofika mpaka Usoke.

Akasema amina.

Jumanne, 14 Machi

Siku ya Einstein. Nimemwadhimisha kwa kutafuta wafuasi. Mpango ni huu: Jumapili alfajiri Samaki wote tunakwenda Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone, halafu tunarudi mjini kwa miguu kwa msafara kama zamani, bendera mbele, tunaingia Ng'ambo mchana watu wakiwa wametoka kanisani. Mimi ndiye kiongozi wa msafara.

Tatizo ni Samaki wenyewe. Nimezunguka mtaa mzima nikiuliza watu tarehe zao. Nusu ya wazee wamezaliwa tarehe moja Julai, ndivyo walivyoandikiwa shuleni. Mzee Issa wa kahawa amesema alizaliwa siku treni ilipochelewa. Nikamwambia hiyo si tarehe, ni kila siku. Mama mmoja alidhani nauza samaki akaniuliza kama ninao sato.

Nimepata mmoja! Nasri, mkodishaji wa viti na maturubai. Tarehe mbili Machi. Nilimkumbatia. Amefurahi kusikia yuko kundi moja na Gagarin, akasema turubai, viti na mikeka ni juu yake. Ila kutembea hatatembea. Jumamosi kwao wanavunja jungu, Ramadhani imekaribia, na mtu aliyevunja jungu sawasawa haamki alfajiri kwenda Kwihara. Vijana wake watafunga kila kitu vilevile wanavyofunga siku zote. Nikasema ndiyo, vilevile wanavyofunga siku zote.

Mambo yananinyookea mpaka naogopa.

Jumamosi, 18 Machi

Picha zimefika! Nusura nilie. Wote watano wana pua moja, lakini ni pua ya heshima. Ng'washi ameniwekea pambo la rangi nyeusi pembeni mwa kila picha, nyongeza, sikumwomba. Chini ya kila mmoja kuna jina na maandishi safi, kama anavyoandika kwenye kazi zake nyingine. LIVINGSTONE. KUZALIWA 1813. KUFARIKI 1873. Na mimi: ELIYA. KUZALIWA 1984. KUFARIKI. Hapo mbele aliniuliza aandike nini. Nilimwambia aache wazi, itajazwa baadaye. Akanitazama vibaya, akapiga kistari.

Advera ameuliza kesho kuna nini. Nikamwambia asitoke nyumbani kabla ya saa tano, halafu aje, na avae vizuri. Akasema siku hizi hanielewi. Alisema hivyo hivyo, "siku hizi", maana yake kuna siku alikuwa ananielewa! Nimeiwaza jioni nzima.

Simu yangu naiacha nyumbani. Betri yake nimemwekea mteja aliyekuwa anatishia kwenda kwa balozi wa nyumba kumi.

Jumapili, 19 Machi

Niandike pole pole.

Kwihara nilifika mapema. Samaki walioitika: mimi. Nilisubiri. Nikamsomea Livingstone hotuba yangu nikiwa peke yangu mbele ya tembe, nikajipigia makofi. Nilipoanza kurudi na bendera yangu, mvua ikashuka. Mvua gani ile! Njia ikawa utelezi mtupu, nikaanguka kwa upande wa kulia, kisha, kwa usawa, upande wa kushoto. Bendera niliiacha kwenye mfereji. Nilijifunika gunia la nailoni nililookota, nikaendelea. Livingstone hakurudi nyuma kwa ajili ya mvua.

Nakaribia Ng'ambo, nikasikia sauti za watu wengi. Wamekuja! Tena wanaimba! Nikaongeza mwendo. Kisha nikasikiliza vizuri. Hawakuwa wanaimba. Walikuwa wanalia.

Nilikasirika, nakiri. Nilijiuliza ni nani huyu amekwenda kufa mtaani kwetu siku ya maadhimisho yangu, angeshindwa nini kungoja Jumatatu? Barabara imejaa. Turubai limefungwa mbele ya nyumba yangu, wanaume wamekaa kwenye viti nje, katikati wamewasha magogo, akina mama wamejaa kwenye mikeka ndani, wamejifunga kanga kiunoni. Unga umeletwa. Maharage yako jikoni. Nikamwuliza mama mmoja nisiyemjua, msiba wa nani. Akasema wa fundi simu, maskini, bado kijana. Nikasema pole sana, fundi simu yupi? Akaonyesha kwa kidevu.

Picha yangu. Pambo jeusi. Kuzaliwa, kufariki, kistari.

Nikaelewa. Mtaani kwetu turubai likifungwa asubuhi bila ngoma, na nje kuna picha za watu wenye mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, nani atauliza? Walikuwa wamepiga simu yangu, haipatikani. Walikuwa wamegonga chumbani, kimya. Hao wazungu wanne watu walisema ni wafadhili wangu, tumekufa pamoja kwenye ajali. Kistari walikielewa kwamba familia haijakubaliana saa.

Mtu mwenye akili timamu angepiga kelele palepale kwamba yuko hai. Nililifikiria hilo. Lakini nikafikiria pia kwamba ni binadamu gani anapata nafasi ya kusikia atakavyosifiwa! Nikavuta gunia kichwani, nikakaa kiti cha nyuma kabisa.

Sifa zilikuwa chache. Jamaa mmoja alisema marehemu alikuwa mtu mwema na ana simu yake tangu Oktoba. Wa pili akasema yeye tangu Agosti. Ukazuka mjadala wa nani atafungua kibanda. Ng'washi alikaa pembeni ameshika kichwa, akisema marehemu alijua, alimwambia kabisa kwamba tarehe itajazwa baadaye. Watu wakashika midomo.

Kisha mtani wangu akaingia. Na mtani msibani ndiye mwenye uwanja! Lukumani alikuwa amevaa miwani yangu na koti langu la kazi, sijui alivitoa wapi. Akakaa kwenye kiti changu katikati ya turubai, akachukua kiatu cha mtu, akakiinamia kwa kijiko, akakiweka sikioni, akatikisa kichwa, akasema: "Njoo kesho jioni." Waliokuwa wanalia wakaanza kucheka. Akadai mwili hautatoka humu mpaka mpagazi amlipe mzigo alioutupa njiani tangu enzi za babu. Akaenda kumwegemea Einstein, akamwuliza kama naye anadai simu. Wanaume walishika mbavu. Nilicheka na mimi chini ya gunia, jamani, sikujizuia, ananiiga vizuri mno!

Hapo nikamtazama machoni. Alikuwa anachekesha watu na machozi yanamtiririka mpaka kwenye koti langu. Lukumani! Nikaacha kucheka.

Na Advera. Alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango, amevaa vizuri kama nilivyomwagiza. Hakuwa anapiga kelele kama wengine. Alikuwa ameikumbatia suruali yangu, ile ya mshono, analia taratibu, anaikunja na kuikunjua. Jirani alimpa maji akakataa. Akamwambia kwamba alikuwa ananingoja mimi niseme tu, mwaka wa pili sasa, na mimi nilikuwa namletea habari za Gandhi.

Nilisimama. Sijui nilitaka kusema nini. Gunia likaanguka. Nilikuwa nimepakaa tope jekundu mwili mzima, yamebaki macho tu.

Viti vyote vya Nasri vilianguka kwa wakati mmoja. Mzee Issa, ambaye mwaka huu sijamwona akitembea bila fimbo, alipita juu ya meza. Lukumani alitupa miwani akaruka ndani ya jiko la nje. Mimi nikawa nawafuata nikiwaambia ni mimi, ni mimi, nao wakawa wanazidisha mbio kwa sababu hiyo hiyo. Mtu mmoja tu hakukimbia. Advera alisimama pale pale, akanitazama kuanzia juu hadi chini, akanirushia suruali usoni, akaondoka.

Kabla sijamkimbilia, bodaboda ikasimama. Mama. Walikuwa wamempigia Usoke. Alishuka hana hata viatu, kitenge cha bani kinanuka moshi, analia. Aliponiona alinirukia. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanibonyeza mabega, mbavu, kama mtu anayekagua kuku sokoni. Nikamshika. Nikalia, nalia kweli, mbele ya Ng'ambo yote iliyokuwa inachungulia nyuma ya kuta. Sijawahi kujisikia mbaya namna ile. Kisha mama alipohakikisha nimekamilika, alinizaba kofi ambalo Gagarin angelisikia huko aliko.

Maharage yaliliwa. Unga haukurudishwa. Lukumani ameiokota miwani yangu akalala nayo, anasema ni haki ya mtani, hasa mtani aliyetishwa.

Jumatano, 22 Machi

Siku mbili Advera hajanitazama. Nimerudisha simu kumi na moja kwa wenyewe, zote nzima. Huzuni inanifanya nifanye kazi. Mama bado yupo, ananipikia na kunisimanga kwa zamu.

Leo jioni Advera amevuka barabara mwenyewe! Alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Akamwamkia mama shikamoo, mama akaitika marahaba kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, tamu kama asali. Kisha akanigeukia. Akasema amelia mbele ya watu wote, hakuna asiyejua, kwa hiyo hana tena cha kuficha, na hilo ndilo linalomuuma. Akasema kama nina neno nilipeleke kwa mjomba wake Urambo, ndiye aliyemlea. Ni mstaafu wa reli, Mkatoliki wa misa ya kwanza. Tuje Jumapili na mama na mshenga, tuseme kama watu wanavyosema. Mjomba anaumwa kifua, katoka hospitali juzi tu, hataki makelele. Na nyota? Nisithubutu kumtajia mjomba wake nyota. Nikaapa. Nilinyoosha mkono juu kabisa. Akasema, "Haya, fundi," akatabasamu upande mmoja wa mdomo.

Upande mmoja unanitosha! Sikula. Nimeruka ruka chumbani mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta.

Jumamosi, 25 Machi

Kila kitu tayari. Mshenga ni Nasri, anajua kuongea na wazee, na amefunga kwa hiyo hatatuchelewesha kwenye chakula. Mama ameazima viatu. Lukumani atatubeba mizigo kwa pikipiki, amesema safari hii mpagazi ni yeye.

Nimeapa sitamtajia mjomba nyota, na sitamtajia. Mimi ni mtu wa neno langu. Kutaja ni kwa mdomo. Nilichofanya ni kumwuliza Advera, kwa mzunguko sana, mjomba amezaliwa lini. Sita Januari, sikukuu ya Mamajusi. Mbuzi! Yuko na Newton! Yuko na Martin Luther King! Yuko na Muhammad Ali! Mzee mzima, mstaafu wa reli, ameishi miaka yote hii pale Urambo na hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia!

Ng'washi alikataa mara mbili, mara ya tatu akakubali ili niondoke. Picha nne, kubwa kuliko zile. Za Newton, King na Ali zina miaka yote, ya kwanza na ya mwisho. Ya mjomba nimesimamia mwenyewe, mwaka wa kuzaliwa na kistari, nafasi ya kutosha. Na safari hii sitarudia kosa la mara ya kwanza. Kosa lilikuwa kwamba mimi mwenyewe sikuwepo. Kesho nitatangulia na lori la asubuhi pamoja na turubai la Nasri, nimfungie mbele ya nyumba yeye akiwa bado kanisani. Nimesikia majirani zake wanamuulizia hali kila siku, wanampenda mno. Wakiliona turubai tu, watajaa.